Nyumba Mgongoni mwa Pikapu: Safari ya Bonde la Salinas

Je, msomaji mpenzi, umepata kuona nyumba ikibebwa mgongoni? Konokono twamjua, na kobe pia. Lakini huko Marekani, hasa katika majimbo ya magharibi, wako watu wafanyao kama konokono. Mtu ana pikapu yake ya kawaida, ya kuchukulia mbao na mbolea siku za kazi. Ikifika siku ya mapumziko huirudisha nyuma pole pole mpaka chini ya kijumba kilichosimama uani juu ya miguu minne ya chuma. Hukishusha kijumba kile katika bodi ya gari, akakifunga barabara, na jioni ile ile baba, mama na watoto wamekwisha fika mlimani, wanapika chakula chao ndani yake. Wakirudi Jumapili, kijumba husimamishwa tena uani juu ya miguu yake, na Jumatatu pikapu yachukua mbolea kana kwamba haikutokea kitu.

Leo nakuomba uweke jembe kando, tufunge safari pamoja mpaka bonde la Salinas, katika jimbo la California. Kwanza tutakiona kijumba kilicho mashuhuri kuliko vyote vya namna hii. Kisha tutatazama jinsi pikapu inavyotengenezwa ipate kukichukua, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Halafu tutashuka barabara kuu, mwendo wa kilomita 40 hivi, mpaka misioni ya zamani ya Soledad. Wala usiseme, "Kijumba hicho sitakinunua maisha yangu yote, chanihusu nini?" Njiani tutapita mahali ambapo watu 32 walikufa baada ya gari la mizigo kugeuzwa kuwa gari la watu. Hilo latuhusu sana sisi tunaopanda nyuma ya pikapu kwenda mnadani, kumpeleka mgonjwa hospitali, au kwenda kwenye sikukuu ya somo wa parokia.

Salinas ni neno la Kihispania. Maana yake ni mabwawa ya chumvi. Sisi tuna Uvinza, wao walikuwa na mabwawa yao karibu na bahari. California ilikuwa ya Wahispania, baadaye ikawa ya Mexico, hata mwaka 1848 ikawa ya Marekani, lakini majina ya kale hayakufutika. Ukiitazama ramani utadhani wasoma litania ya watakatifu: San Jose, San Juan Bautista, San Lucas, San Miguel, San Luis Obispo. Mji wa Salinas una watu zaidi ya 160,000. Bonde lenyewe ni refu na jembamba, lina milima kushoto na kulia, na mto wake una tabia kama ya mito yetu ya Dodoma: mara nyingi waona mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Udongo ni mnono ajabu. Saladi, brokoli, seleri na stroberi hulimwa hapa kwa wingi, hata Wamarekani huliita bonde hili bakuli la saladi la dunia. Wanaoinama mashambani ni hasa watu wa asili ya Mexico, wengi wao Wakatoliki wenzetu, ambao kila tarehe 12 Desemba huamka kabla ya mapambazuko kumwimbia Bikira Maria wa Guadalupe.

Shika neno moja, maana tutalihitaji mbele: mchana, jua likipanda, upepo mkali huingia kutoka ghuba ya Monterey na kulipiga bonde hili mpaka jioni.

Katikati ya mji, mwisho wa barabara iitwayo Main, kuna nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa heshima ya John Steinbeck, mwandishi aliyezaliwa Salinas mwaka 1902 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1962. Ndani yake imewekwa pikapu ya kijani, aina ya GMC ya mwaka 1960, na mgongoni imebeba kijumba. Steinbeck aliipa jina la Rocinante, ndilo jina la farasi aliyekonda wa Don Quixote katika kitabu cha Kihispania. Septemba 23, 1960, akiwa na umri wa miaka 58, aliondoka kwake Sag Harbor, karibu na New York, pamoja na mbwa wake Charley, akazunguka Marekani yapata kilomita 16,000. Habari za safari ile alizitoa katika kitabu mwaka 1962. Watafiti wa siku hizi wameonyesha ya kuwa usiku mwingi alilala hotelini, na ya kuwa baadhi ya mazungumzo ya kitabuni aliyatunga mwenyewe. Haidhuru, gari lipo, na ukilitazama waona jambo ambalo halikutungwa.

Ndani ya kijumba kile mna kitanda, jiko la gesi la mafiga manne, friji, makabati, na madirisha yenye nyavu za kuzuia wadudu. Ni chumba kidogo kuliko jiko la mama wengi wa kwetu, lakini kila kitu kina mahali pake. Steinbeck akakijaza. Alitia vyakula vya makopo, vifaa vya kutengenezea gari, bunduki na fimbo za kuvulia samaki, na vitabu tele, hata mwenyewe akakiri ya kuwa alichukua vitu vingi kupita kiasi. Anasimulia jinsi alivyofika Oregon siku ya Jumapili, mvua inanyesha, tairi moja ya nyuma ikapasuka, na nyingine ikaanza kuvimba ubavuni kama jipu. Gari zito namna ile halikubali tairi za kawaida. Mwenye kituo cha petroli, mtu ambaye sura yake haikumvutia hata kidogo, akapiga simu huku na huko siku ile ya mapumziko mpaka akampatia tairi zifaazo. Steinbeck alimwombea maisha marefu sana.

Basi, tutoke makumbusho, tuingie uani mwa mtu yeyote wa Salinas mwenye kijumba cha leo. Twaanza na hesabu, wala si na spana.

Karibu na mlango wa dereva wa kila pikapu ya Marekani kumebandikwa karatasi. Imeandikwa hapo uzito wa watu na mizigo ambao gari halipaswi kuuzidi kamwe. Angalia vema: watu na mizigo. Hapo ndipo wengi hupotea, maana huhesabu kijumba wakasahau ya kuwa baba, mama, watoto na mbwa nao wana uzito. Sheria ya huko pia yawataka watengenezaji wa pikapu ziwezazo kuchukua vijumba watoe karatasi ya pili, yenye uzito wa mzigo na mchoro wa mahali ambapo kitovu cha uzito wa kijumba lazima kiangukie. Karatasi hii hukaa ndani ya gari, aghalabu katika kisanduku kilicho mbele ya abiria, chini ya miwani na risiti za petroli, na wenye gari wengi hawajapata kuisoma. Majina kama nusu tani, robo tatu tani na tani moja, ambayo pikapu huitwa huko, ni ya zamani, wala si kipimo cha leo. Aaminiye jina badala ya karatasi atajuta.

Haya, tufanye hesabu ya mfano. Karatasi ya mlangoni yasema kilo 1,400. Muuzaji asema kijumba chake kina kilo 1,000. Mtu akaona, "Vema, zimebaki 400." Ngoja kwanza. Kijumba kilipimwa kikiwa kitupu. Tenki lake la maji hujaa lita 115, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi miwili ya gesi, pamoja na chuma chake, kilo 35. Betri mbili, kilo 50. Vyakula, sufuria, matandiko na nguo, tuseme 150. Baba, mama na watoto wawili, 220. Jumlisha mwenyewe: 1,570. Gari limezidishiwa kilo 170, na bado hawajatia viti vya kukalia nje wala baiskeli za watoto. Dereva hana habari, kwa sababu gari limewaka na linakwenda. Motokaa haina sauti kama punda. Punda akizidiwa hulala chini, nawe utake usitake utashusha gunia.

Kwa hiyo mwenye busara hapimi kwa macho. Hupeleka gari, likiwa limejazwa vyote pamoja na watu wake, katika mizani ya malori iliyo kando ya barabara kuu. Huko hupima ekseli ya mbele peke yake na ekseli ya nyuma peke yake. Kila ekseli ina kikomo chake, kimeandikwa pale pale mlangoni. Yawezekana jumla ikawa sawa na huku ekseli ya nyuma imeelemewa.

Jambo hilo la mbele na nyuma ndilo kubwa kuliko yote, nalo wachukuzi wa mkaa kwa baiskeli walijua bila ya kitabu. Ukifunga gunia nyuma sana, kupita gurudumu la nyuma, basi ukipanda kilima gurudumu la mbele hunyanyuka, na usukani hukosa utii. Ukisogeza gunia mbele kidogo, baiskeli yatulia. Kijumba nacho ni hivyo hivyo. Kitovu cha uzito wake, ambacho watengenezaji hukitia alama ubavuni, lazima kiangukie mbele ya ekseli ya nyuma, walau kidogo. Kikiangukia nyuma yake, magurudumu ya mbele huwa mepesi. Dereva hukata kona na gari haligeuki vizuri, hukanyaga breki na gari hutangatanga. Ndiyo maana kijumba kirefu hakiwekwi katika bodi fupi. Na ndiyo maana vitu vizito, kama makopo na vifaa vya chuma, hupangwa chini na mbele, wala haviwekwi katika kabati la juu karibu na mlango wa nyuma, ijapokuwa ndipo mkono unapofika upesi.

Wengi huongeza springi. Hutia majani zaidi, au mifuko ya mpira ijazwayo hewa kati ya fremu na ekseli, pamoja na chuma cha kuzuia gari lisiyumbe ubavu kwa ubavu. Vitu hivi ni vizuri; nyuma ya gari huinuka, na taa za mbele huacha kumulika miti badala ya barabara. Lakini haviongezi nguvu ya ekseli, wala ya breki, wala ya fremu. Namba ya mlangoni yabaki ile ile. Fundi akikuambia ya kuwa springi mpya zitaifuta namba hiyo, mshukuru kwa adabu, utafute fundi mwingine.

Tairi nazo si zile za motokaa ndogo. Zatakiwa za lori jepesi, zenye alama ya herufi E ubavuni, ambazo watu huziita za plai kumi. Zikibeba mzigo wake kamili hujazwa upepo ratili 80 kwa kila inchi ya mraba. Upepo hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea, tairi zikiwa baridi, maana tairi yenye joto hudanganya. Tairi yenye upepo haba hujikunja na kunyooka katika kila mzunguko, kukunjana kule huleta joto, na joto huipasua. Jipu lile la Oregon halikushuka kutoka mbinguni.

Kisha huja kazi ya kukipandisha kijumba. Mlango wa nyuma wa bodi huondolewa kabisa. Katika sakafu hutandikwa mkeka mzito wa mpira ili kijumba kisiteleze. Ikiwa pikapu ni ndefu kwa kimo, ubao huwekwa juu ya mkeka, ili sehemu ya kijumba inayotokeza mbele, yenye kitanda, isikwaruze paa la chumba cha dereva. Miguu minne yenye jeki hukiinua kijumba, na dereva huirudisha pikapu nyuma, sentimita kwa sentimita, kati ya miguu ile. Hapa ndipo ndoa hupimwa huko California. Mume yumo garini, mke yuko nyuma apunga mkono. Yeye asema kushoto, mume aelewa kulia, na jirani wote wametoka kutazama. Wenye uzoefu hukubaliana ishara kabla ya injini kuwashwa, na wakikosana huzima gari kwanza, hugombana baadaye. Mguu wa kijumba ukigongwa, kilo elfu moja huanguka. Kwa hiyo mtu haingii kamwe chini yake wakati umesimama juu ya jeki tu.

Kimeshuka, sasa kifungwe. Kuna watu wafungao kijumba katika mabati ya bodi. Bati la bodi ni jembamba. Hupasuka, na kijumba chaenda zake katika kona ya kwanza. Mahali pa kweli pa kufungia ni fremu ya gari, yaani mifupa yake. Vyuma vinne hutoka katika fremu, viwili mbele na viwili nyuma, na kutoka hapo minyororo yenye parafujo za kukazia hupanda mpaka pembe za kijumba. Hukazwa sawasawa, kushoto kama kulia. Baada ya mwendo mfupi dereva husimama akakaza tena, kwa sababu kijumba kimejikalia na minyororo imelegea. Taa za nyuma za pikapu zimefunikwa, kwa hiyo waya wa umeme huunganishwa na taa za kijumba. Mtu mmoja akanyaga breki, mwingine atazama nyuma kama zinawaka. Vioo vya pembeni hubadilishwa viwekwe virefu, maana kioo cha ndani sasa chaonyesha ukuta. Mwisho, kimo cha gari zima hupimwa kwa futi ya kamba, nacho aghalabu huzidi mita 3, kisha huandikwa katika kikaratasi mbele ya macho ya dereva. Madaraja ya chini na mapaa ya vituo vya petroli yamevua vijumba vingi kofia zao.

Neno juu ya jiko. Kijumba ni chumba kidogo kilichozibwa vizuri kisipitishe baridi. Jiko la gesi likiwaka humo bila ya dirisha kufunguliwa, hewa huharibika, nayo hewa ya sumu haina rangi wala harufu. Wengi wetu tumesikia habari za jamaa waliolala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, asubuhi hawakuamka. Gesi nayo yaua vile vile. Vijumba vya leo huwekwa chombo kidogo kinachopiga kelele hewa hiyo ikizidi, na huko hakuna mtu mwenye akili anayepasha chumba joto kwa mafiga ya kupikia.

Sasa twaondoka Salinas. Barabara ni namba 101, pana, ya lami safi, nayo yafuata sehemu kubwa ya njia ya kale iitwayo El Camino Real, yaani Njia ya Mfalme, iliyounganisha misioni 21 za Mapadre Wafransisko, ya kwanza ikiwa San Diego mwaka 1769, na ya mwisho Sonoma mwaka 1823. Ukiondoka asubuhi waenda raha mustarehe. Ukiondoka saa nane mchana, upepo ule niliokutajia wakukuta ukiwa na ukuta mrefu mgongoni, na wausikia usukani ukivutwa mikononi. Dereva hupunguza mwendo, huacha nafasi kubwa mbele yake, kwa kuwa gari zito halisimami upesi. Kushoto na kulia ni mistari ya saladi isiyo na mwisho, na kando ya barabara yapita reli.

Yapata kilomita 16 kutoka Salinas twafika Chualar, kijiji kidogo. Simama.

Jumanne, Septemba 17, 1963, wafanya kazi wa shambani walikuwa wakirudishwa kambini jioni baada ya kazi. Walikuwa watu wa Mexico, walioitwa bracero, walioletwa kwa mkataba kati ya serikali mbili, mpango ulioanza mwaka 1942. Gari lao liliitwa basi, lakini halikuwa basi. Lilikuwa lori la bodi bapa, limefunikwa juu kwa turubai, na ndani mmewekwa mabenchi mawili marefu. Humo walikaa watu 58. Dereva alifika penye kivuko cha reli kisichokuwa na kizuizi, akavuka. Alisema hakuliona wala hakulisikia gari la moshi la mizigo lililokuwa linakuja. Watu 32 walikufa, 25 walijeruhiwa. Dereva alishtakiwa, mahakama ikamwachilia. Ernesto Galarza, mtetezi wa wafanya kazi wa shamba, aliyekuja Marekani kutoka Mexico akiwa mtoto, aliichunguza ajali ile na kuandika habari zake kwa urefu. Mpango wa bracero ulikwisha mwaka 1964, na msiba huu ulikuwa mojawapo ya sababu. Leo kipande hiki cha barabara 101 kimepewa jina la kuwakumbuka.

Tuitazame vizuri kazi iliyofanywa na watu wale waliolitengeneza lori. Walikuwa na gari la kuchukua mizigo. Wakaongeza paa, wakaongeza mabenchi, na baada ya hapo kila mtu aliliona kuwa gari la watu. Lakini paa halikulipa lori kuta za kumkinga mtu, na benchi halikumpa aliyeketi mshipi wa kumshika. Kijumba cha pikapu kina hatari ile ile, tena chavutia zaidi, kwa kuwa kina kitanda na mto. Mtoto husema, "Baba, niache nilale huko nyuma tukienda." Sheria ya California haimkatazi mtu kukaa ndani ya kijumba garini linapokwenda, mradi mlango mmoja uweze kufunguliwa kutoka ndani na kutoka nje bila ya kizuizi, majimbo mengine yana sheria zao. Mimi nasema hivi: sheria na iruhusu, mama asiruhusu. Kijumba kikisimama ni nyumba. Kikitembea ni mzigo, kuta zake ni mbao nyembamba na bati, na aliyemo ni mzigo pamoja na sufuria.

Wazee wa Dar es Salaam watazikumbuka zile pikapu zilizoitwa chai maharage, abiria wakikaa uso kwa uso juu ya mabenchi. Vijijini bado twaona pikapu ikiteremka mlima na wanakwaya ishirini wamesimama nyuma, sare zao nzuri, ngoma katikati, nao waimba. Sauti zao ni tamu. Lakini nani aliyepiga hesabu? Chukua mfano wa pikapu ambayo mtengenezaji wake amesema ibebe kilo 900. Watu ishirini, kila mmoja kilo 60, ni kilo 1,200, bila ya dereva, bila ya ngoma, bila ya mchele wa sikukuu. Tena mzigo huu wasimama wima, kitovu chake kiko juu, nao waenda upande mmoja wote pamoja gari likikata kona. Gunia la mahindi walau halicheзi. Baba paroko au mwenyekiti wa kwaya akisema, "Tutakwenda kwa zamu mbili," asionekane kuwa mtu wa kuchelewesha sikukuu.

Twaendelea kusini, twapita Gonzales, twafika Soledad. Misioni haiko mjini, bali ng'ambo ya mto, katikati ya mashamba. Padre Fermín Lasuén aliianzisha tarehe 9 Oktoba, 1791, akaiweka chini ya Bikira Maria wa Upweke, yaani Mama yetu wa ile Jumamosi Kuu, Mwanawe akiwa kaburini. Jina lilipafaa. Mafuriko yaliibomoa mara kwa mara, na mwaka 1802 ugonjwa uliwaua wenyeji wengi waliokuwa wamekusanywa hapo. Wajukuu wa wenyeji wale bado wana uchungu juu ya misioni hizi, na Papa Fransisko alipomtangaza Padre Junípero Serra, mwanzilishi wa kazi hii, kuwa mtakatifu mwaka 2015, wengi wao walipinga. Yafaa kuyajua yote mawili unapopiga goti pale. Padre wa mwisho wa Kifransisko aliyebaki Soledad, Vicente Francisco de Sarría, alikufa hapo mwaka 1835, misioni imekwisha kuwa fukara kabisa. Wahindi wake waliuchukua mwili wake mpaka misioni ya San Antonio, ng'ambo ya milima, akazikwe. Baada ya hapo kuta za udongo zilirudi kuwa udongo. Kikanisa uonacho leo kilijengwa upya katika miaka ya 1950, cheupe, kidogo, na nyuma yake vichuguu vya kuta za kale vingali vyaonekana. Upepo haunyamazi.

Hapo hapana mahali pa kulala na kijumba. Wengi hutazama mashariki, wakaona majabali ya Pinnacles, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ambako ndege wakubwa aina ya kondori huzunguka angani, mabawa yao yakikaribia mita 3. Ramani yaonyesha njia ya kwenda huko kutoka Soledad, nayo ni fupi. Usiifuate. Njia hiyo yawa nyembamba mno kwa gari lenye nyumba mgongoni, haivuki mpaka upande wa pili, na mwisho wake hakuna kambi. Kambi iko upande wa mashariki, na mlango wake ni kwa barabara namba 25, kwa hiyo anayetaka kulala huko azunguke kwa upande ule. Maji ya bomba yapo kambini. Tenki na lipande mlima likiwa tupu, lijazwe huko.